Mashine Iliyoitikia Marahaba

Kiwandani kwetu Bagamoyo, barafu haianzi kwa barafu. Mteja akipiga simu anaanza na asalaam aleikum, au shikamoo kama mdogo, anauliza umeamkaje, anauliza nyumbani, anamuulizia mgonjwa, ananyamaza kidogo kama mtu anayetaka kuaga, halafu ndipo anasema, "Haya mwanangu, nitumie na mabonge manne." Anasema kama kitu alichokikumbuka akiwa ameshafika mlangoni. Lakini ndicho alichopigia simu.

Aliyekuwa akizipokea simu hizo ni dada mmoja wa Kaole. Sisi tulimwita dada wa simu na wateja wakamwita mwanangu, kwa sababu wengi wao ni watu wazima, wenye vyombo vya uvuvi na kina mama wanaonunua samaki wakakaanga. Meza yake ilikuwa dirishani. Mimi nilikuwa karani wa stoo, nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo kila alichosema nilikisikia, nikitaka nisitake. Mgonjwa aliyekuwa akiuliziwa ni mama yake, aliyepooza upande mmoja. Dada alikuwa akirudi Kaole kila mchana kumlisha, kwa sababu mama hakubali kulishwa na mkono mwingine.

Nayaeleza haya mapema ili mtu aelewe kwa nini neno Msata lilitushtua.

Bosi wetu amekulia Dar. Ni mtu mwema, nasema kwa haki, ila ana haraka. Hoteli moja ilimlalamikia kwamba kila wakipiga wanakuta simu inatumika. Na kweli ilikuwa inatumika, kwa salamu. Basi Jumatatu moja akatuita uani, akasema anataka mashine ya kupokea simu na kutunza ujumbe, kama ofisi za mjini. Akaongeza kwamba anafungua kituo cha kuuzia barafu kule Msata, penye njia panda, mbali na pwani, na anahitaji mtu mmoja wa kukaa hukohuko.

"Mashine ikishika simu," akasema, "dada atashika Msata."

Dada alirudi mezani, simu ikalia, nikamsikia akijibu, "Waaleikum salaam. Tumeamka salama." Sauti ilikuwa ileile, sikusikia tofauti yoyote. Hilo ndilo lililonitia huzuni.

Yalikuja makampuni mawili kushindana. Bosi akaamua kila moja lipewe wiki yake ya majaribio, na mimi niwe mwamuzi, niandike ripoti.

"Kwa nini mimi?" nikauliza. Nimeishia darasa la saba, na ripoti pekee nilizozoea ni za mabonge yaliyoingia na yaliyotoka.

"Kwa sababu wewe huna upande," akasema.

Nililibeba neno hilo hadi nyumbani nikamweleza mke wangu. Nilidhani ni sifa. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata uso.

"Maana yake hakuna anayekuogopa," akasema.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya kijana wa tai. Simwiti hivyo kwa kumcheka. Alivaa tai kweli, katika joto lile la Bagamoyo, na hakuilegeza hata alipojilaza sakafuni kupitisha waya chini ya meza. Alikuwa mchapakazi. Mashine yake ilikuwa sanduku la sauti. Mteja akipiga anasikia, "Umepiga simu kiwanda cha barafu. Tafadhali acha ujumbe baada ya mlio." Kisha mlio, kisha nafasi fupi ya kusema, kisha inakata.

Siku ya kwanza jioni tulikaa wote kusikiliza: bosi, kijana wa tai, dada wa simu na mimi.

"Asalaam aleikum," ikasema sauti ya kwanza. Kimya. "Nimesema asalaam aleikum." Kimya. "Haya, kama hamtaki." Ikakatika.

Ya pili ilikuwa ya mama mmoja. "Hujambo mwanangu? ... Hujambo? ... Mbona nakusikia unapumua hujibu?" Ikakatika.

Ya tatu alikuwa mtu mwenye subira. Alisalimia, akajijibia mwenyewe kwamba bila shaka tumeamka salama, akamuulizia mgonjwa, akamuombea dua, akasema, "Sasa, nilikuwa nataka..." Ikakatika.

Zote zilikuwa hivyo. Siku nzima ya salamu, na barafu haikutajwa hata mara moja. Bosi alimtazama kijana, kijana akaitazama mashine.

"Wateja wenu hawana mazoea," kijana akasema.

"Wana mazoea sana," dada akasema. "Ndiyo shida yao."

Nakiri nilicheka, kisha nikaona haya, maana mwamuzi hapaswi kucheka siku ya kwanza.

Kijana hakukata tamaa. Alisema watu wanasusia kwa sababu wanasikia sauti ya mgeni, na mashine haiwaitikii. Akaomba sauti ya dada.

"Nisaidie kidogo tu, dada yangu. Maneno machache."

"Nikikupa sauti yangu, mimi nibaki na nini?"

"Utabaki na wewe mwenyewe."

"Mimi mwenyewe naambiwa nakwenda Msata."

Kijana hakuwa akijua hilo. Lakini dada alivuta kiti, akajitanda mtandio vizuri kama anayepigwa picha, akarekodi. Hakuharibu kwa makusudi, na hilo nililiandika. Alisema, "Marahaba. Tumeamka salama, na nyie? Haya, nambie shida yako," kwa sauti tamu ileile ya kila siku. Kijana akapanga mashine imwache mteja aseme kidogo, kisha ndipo iitikie.

Kuanzia hapo mambo yakawa mabaya zaidi, na siwezi kusema ni kosa la nani. Wateja walisikia sauti ya dada, wakaamini ni dada. Wakamuuliza mambo, naye, yaani mashine, akawakatisha na kuwaambia waseme shida yao. Jioni yake mama muuza samaki wa kukaanga alifika kiwandani na bakuli limefunikwa kawa.

"Mwanangu, nimekukosea nini?" akamuuliza dada.

"Hujanikosea kitu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona leo nimekuuliza mama kaamkaje, ukaniambia niseme shida yangu? Mimi nina shida gani? Nimekuletea changu wawili, yaishe."

Dada alimweleza kwamba ile ni mashine. Mama akaitazama ile mashine mezani, akamtazama dada, akasema kwa upole, "Hata kama." Akaacha samaki akaenda zake. Tulikula wote, na kijana wa tai pia. Walikuwa wameiva vizuri.

Kesho yake akaja mzee mwenye vyombo. Huyu ndiye mteja wetu mkubwa kuliko wote. Boti zake zikitoka zote kwa pamoja, mimi stoo nabaki na maji sakafuni. Alishuka kwenye bajaji na fimbo yake, kanzu imepigwa pasi, hakutaka kiti.

"Nimepiga simu hapa," akasema. "Nimetoa salamu ya Mungu. Nimesema asalaam aleikum. Nikajibiwa marahaba." Akatuangalia mmoja mmoja. "Nauliza tu. Nani kaamkiwa hapa?"

Bosi alitoka mbio ofisini. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeona? Inakwenda hivyo. Sasa huyo wa kwenye simu ni mkubwa wangu?"

"Ni mashine, mzee wangu."

"Mashine ya mwaka gani?"

Bosi akamgeukia kijana. "Ya mwaka huu," kijana akajibu kwa sauti ya chini.

"Basi ni mtoto," akasema mzee.

Dada wa simu akatoka, akapiga goti kidogo. "Shikamoo babu. Hiyo ni yangu. Na ya mashine pia naileta: shikamoo."

"Yako marahaba, mwanangu. Ya mashine ije yenyewe." Kisha akauliza mgonjwa anaendeleaje, akaagiza barafu yake kwa mdomo, akapanda bajaji.

Kijana wa tai aliichukua kauli ya mzee kama agizo la kazi. Jioni ileile aliibadilisha mashine, ikawa inaanza yenyewe kwa kumwamkia kila apigaye: "Shikamoo. Umepiga simu kiwanda cha barafu." Alidhani amemaliza, na kwa mzee kweli alimaliza, maana mzee alipiga akaridhika. Ila watoto wa mtaani nao waligundua kwamba ipo namba ambayo ukipiga, mtu mzima anakuamkia. Mchana kutwa walipokezana simu za mama zao. Sanduku likajaa. "Marahaba!" Kicheko. Ikakatika. "Marahaba, hujambo mjukuu wangu?" Kicheko kingine.

Hapo ndipo nilipomwona kijana akilegeza tai.

Wiki ya pili ilikuwa ya mama wa laptopu. Mtu wa makamo, hijabu ya kijani, maneno yake taratibu. Yeye alianza kwa kutusalimia wote, hadi wapasua barafu kule nyuma, nami nikajiambia usimpe alama kwa hilo, salamu si mfumo. Baadaye nikajiuliza kama sikumpunja.

Alikuwa akimsema vibaya mwenzake, lakini kwa adabu. "Yule kijana ni mzuri, ila anauza redio kaseti." Kijana, ambaye alibaki mjini kungoja matokeo, nilimkuta kwa mama lishe akila chapati, akaniambia, "Yule mama anauza rangi. Ukiondoa rangi pale hakuna kitu." Nimeyaandika yote mawili ili nisionekane nimeficha la mmoja.

Kuhusu rangi kijana alisema kweli kidogo. Mfumo wa yule mama ulikusanya kila kitu kwenye kapu moja: simu zilizokosa mtu, ujumbe wa sauti, meseji, barua pepe za hoteli, vyote vikaonekana kwenye skrini moja. Sauti ulizigeuza kuwa maandishi. Na haukumkata mtu, ulimwacha asalimie hadi achoke. Kisha wenyewe ulipanga: ujumbe wa kawaida mweupe, wa haraka wa njano, wa dharura mwekundu.

Na sitaficha, ulifanya kazi. Mama yule wa changu aliacha ujumbe wakati wa adhana ya alfajiri, kabla hata mlinzi hajafungua geti. Alikuwa amepata samaki wengi kuliko alivyotarajia, na deli moja tu la kuwahifadhia. Zamani simu ile ingelia ikanyamaza, na samaki wangeharibika. Safari hii nilipofika stoo nilikuta agizo limeandikwa, nikapakia, barafu ikamfikia mapema. Niliandika hivyo kwa herufi kubwa. Na huku nilijua nilikuwa nikimwandikia dada safari ya Msata.

Dada alisoma juu ya bega langu. "Umeandika vizuri," akasema. "Na kwamba nachelewa kurudi kutoka chakula cha mchana, umeandika?"

"Bado."

"Andika. Usije ukaambiwa una upande."

Basi nikaandika. Alinitazama nikiandika, akaenda zake, na siku ile hakuniletea chai kupitia tundu la ukuta kama kawaida yake.

Siku moja baadaye bosi aliingia, akaiona skrini, akasimama. Ilikuwa nyekundu kuanzia juu hadi chini.

"Kuna nini? Watu wanakufa?"

Mama wa laptopu akavaa miwani. "Mfumo ukikuta neno kama mgonjwa, au hospitali, unaona ni dharura," akasema. "Ngoja tufungue."

Akafungua, na bosi akasoma kwa sauti, akiwa amesimama. "Asalaam aleikum. Mgonjwa kaamkaje? Nitumie mabonge sita." Akashuka chini. "Mwanangu, mgonjwa amekula? Mwambie nimemwombea. Na barafu ya kusaga, kidogo." Akashuka tena. Huu ulikuwa wa mzee mwenye vyombo, mrefu, salamu tupu, na mwisho wake: "Mgonjwa akitaka uji wa ulezi, unga upo kwangu, tuma mtu. Barafu kama jana." Na wa hoteli pia, ile iliyolalamika. Mpishi wao alikuwa ameandika meseji: "Vipi mgonjwa? Tunaomba barafu saa nne."

Bosi alisoma ujumbe mwingine mwingi kimoyomoyo baada ya hapo. Kisha akageuka.

"Mgonjwa ni nani?"

"Mama yangu," akasema dada.

"Mama yako anaumwa?"

"Amepooza, bosi. Tangu mwaka jana."

"Mbona sikuambiwa?"

Nilitaka kumtetea bosi, maana ni kweli hakuna aliyemwambia. Kila mtu alidhani anajua, kama anavyojua bahari iko upande gani. Na nilitaka kumtetea dada pia. Kabla sijapata maneno, dada akajibu, bila ukali wowote, "Wewe ukipiga simu unaanza na barafu."

Mama wa laptopu akasema anaweza kuufundisha mfumo usilipake rangi neno lile, ni jambo dogo tu.

"Acha kwanza," akasema bosi. Akavuta kiti akakaa mbele ya meza ya dada, mahali ambapo sijawahi kumwona akikaa. "Anaendeleaje?"

"Ameanza kushika kikombe mwenyewe."

"Alhamdulillahi," akasema bosi. Kisha, kwa kuwa ni bosi, akasema, "Lakini Msata bado nahitaji mtu."

Ripoti niliimalizia nyumbani siku ya Ijumaa baada ya swala, mke wangu akikuna nazi pembeni. Niliandika kwamba kijana wa tai ni mwepesi wa kusikia na kurekebisha, na kosa la marahaba si lake peke yake, ni letu tuliomwacha bila kumweleza. Niliandika kwamba mfumo wa yule mama ni bora, uchukuliwe, ushike alfajiri, jioni na usiku, na mchana simu zipokewe na mtu. Niliandika kwamba dada anachelewa kurudi kutoka chakula cha mchana na salamu zake ni ndefu, na kwamba wateja wanazipigia simu salamu hizo kama wanavyoipigia barafu. Kisha nikafika pale penye Msata.

Nilimpitia kila mtu. Dereva hawezi, gari litaendeshwa na nani? Wapasua barafu wako wachache. Mlinzi ni mzee. Nikabaki na karani wa stoo. Watoto wake ni wakubwa. Hana mgonjwa. Na hesabu zake, kwa kuwa sasa lipo kapu moja la ujumbe, anaweza kuzituma kutoka popote.

Kalamu ikasimama.

"Umekwama nini?" mke wangu akauliza.

"Nimefika kwangu."

"Jiruke."

"Haitakuwa haki."

Alikuna nazi kidogo. "Wewe kwa haki yako utakuja kuniuza hata mimi," akasema. "Andika basi. Ila andika na kwamba mkeo hahami."

Nikaandika na hilo. Hadi leo sijui kama niliandika kwa wema, au kwa kutaka kuonekana sina upande. Nikijaribu kujiamulia nashindwa. Mke wangu anasema ni kwa sababu nilikuwa nimekosa chai ya dada siku kadhaa, na huenda yeye ndiye yuko karibu na ukweli.

Bosi alisoma, akanipa mkono, akasema, "Nilijua nimechagua mwamuzi mzuri." Kijana wa tai nilimsindikiza hadi stendi. Tai alikuwa ameikunja mfukoni. Hakunilaumu, aliniuliza tu kama watoto bado wanapiga simu kuamkiwa. Nilimwambia ndiyo, wanaulizia ile shikamoo imekwenda wapi.

Sasa niko Msata. Malori yanapita usiku na mchana, kina mama wa soda na maji wananunua barafu yangu, na wafanyabiashara wa samaki wanaokwenda bara wanasimama kujaza madeli. Ijumaa napanda gari narudi Bagamoyo. Hesabu naituma kwa simu kila jioni kwenye lile kapu, saa ambazo dada yuko Kaole.

Jioni ya kwanza nilipopiga nilisikia sauti yake iliyorekodiwa: "Asalaam aleikum. Salamu zenu zote nimezipokea. Agizeni barafu, kesho tutasalimiana." Mlio ukalia. Mimi niliyeuandikia mfumo huu ripoti, mimi niliyewaona wote waliokosea, nikasema, "Hujambo dada? Habari za kutwa? Mgonjwa ameshindaje? Amekula? Kikombe anakishika?" Nikangoja anijibu. Kisha nikakata.

Asubuhi akanipigia.

"Bosi anauliza kwa nini Msata ni nyekundu."

"Samahani."

"Mama amekula, na kikombe anakishika, ila bado anamwaga," akasema, na nyuma yake nikasikia sufuria la chai. "Haya, barafu imebaki kiasi gani?"

Nilikuwa sijahesabu.